Bibi Anatafuta Kiti

Leo sina uso. Nimeuacha mtaa wa Morningside, kwenye gereji ya watu.

Mnajua natafuta kazi tangu saluni yetu ya Overport ifungwe. Neema, ninayeishi naye chumba kimoja, akaniombea kwa bosi wake, Papa Kalala, Mkongo anayeshona vitu vya ngozi. "Nenda saa nne," akaniambia. "Na usiniaibishe." (Shikeni hapo.)

Nikafika. Nyumba ya zamani, mapazia yamefungwa, umeme umekatika. Mlango wazi, mtu hakuna. Ukutani mikanda mirefu ya ngozi inaning'inia, na mmoja ulikuwa unacheza wenyewe. Upepo haukuwepo. Nikapiga hodi kwa sauti ya mgonjwa.

Ndipo nikasikia mwanamume anaongea nyuma ya mlango wa gereji, chini chini.

"Bibi alikataa kiti ya kwanza. Ya pili ilikuwa mwembamba, ikamufinya, akaitupa chini. Leo nimemuletea kiti mupana."

Ilikuja pumzi tu, nzito, ndefu. Pumzi ile haikuwa ya mtu.

Sasa mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu, mtu anayepandwa na pepo ndiye anaitwa kiti. Jirani yetu alikuwa kiti. Akipandisha, anaongea kwa sauti ya mzee wa kiume. Nikajitazama nyonga. (Mpana ni nani hapa? Ni mimi!)

Mlango ukafunguka nusu. Mzee mwenye tepu ya kupimia shingoni akanichungulia.

"Ni wewe ya kazi ya kiti?"

"Nimekuja kushona, Papa."

"Ingia. Polepole, Bibi hapendi makelele."

Ningekimbia, lakini kazi naitaka. Nikaingia. Giza tupu. Harufu ya jasho na majani makavu. Kitu chenye joto kikanipumulia kisogoni, kisha kikaniramba sikio.

Nikapiga magoti!

"Bibi, nihurumie! Mimi mgongo wangu mbovu! Mchukue Neema! Ana mgongo mpana, hajaolewa, hana wa kumlilia!"

Umeme ukarudi.

Mbele yangu alisimama farasi jike, mweupe, jina lake Bibi, aliyeletwa kupimwa tandiko la kikauboi, lile kubwa lenye pembe mbele. Papa Kalala tandiko analiita kiti. Na aliyeshika kamba ya farasi, kimya ili asimshtue, ni Neema.

Eish!

Papa Kalala hakucheka. Akaliweka tandiko mgongoni bila blanketi, akapitisha vidole vitatu chini yake, pale juu ya mabega.

"Ona, isimuguse hapa. Ikimugusa, anaumia. Utaanza Jumatatu, mama. Mutu mwenye kuogopea mugongo yake atashona na akili."

Kazi nimepata, namshukuru Mungu. Wa kunifundisha ni Neema. Tumerudi pamoja mpaka Overport na hajanisemesha neno. Sasa hivi anapika, na ugali ni wa mtu mmoja.

Tafadhali msicheke. Atakayecheka, Jumatatu nampelekea Bibi jina lake.