Mzee Mizani na Vitunguu Vitatu vya Ugenini

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, mwenye kikombe akiweke chini na mwenye la kusema alimeze, maana shujaa keshatoka: yuko kwenye ngazi za nyumba ya wageni, mkono mmoja ukutani, mwingine umekamata mfuko wa kitambaa, anateremka kwenda vitani katika nchi ambayo hajui hata salamu yake.

Huyo ndiye Mzee Mizani, mkaguzi mstaafu, aliyezunguka masokoni miaka thelathini na mmoja akipima mizani za watu. Mfichua mawe ya mizani yaliyotobolewa chini, homa ya wauza nyama, mwenye jicho lisiloibiwa gramu. Aliyemtuma hakuwa sultani bali mkewe, mkunga mstaafu, ambaye kwa siku tatu hakutia tumboni ila biskuti na chai, kwa kuwa vyakula vya mgahawa wa pale chini vilimgomea kooni.

Na saa nne kamili walikuwa na zamu ya kupanda mnara mkuu wa mji ule, ngazi mia tatu na kumi na mbili. Matembezi hayo Mzee aliyaahidi siku ya harusi; yakaahirishwa na watoto sita, na paa, na goti la kushoto. Kesho yake walikuwa wanarudi kwao. Mkunga alikwisha kutoa tamko, tena bila kupandisha sauti:

"Baba watoto, mayai ninayo, mafuta ninayo, jiko hili hapa. Niletee vitunguu vitatu nikaange, nile kama mtu. Bila hivyo mnara utaupanda na mkoba wangu, mimi nitakupungia dirishani."

"Mama watoto," akanena shujaa, "mimi niliyewatoa jasho wachinjaji wa masoko saba, leo nishindwe na kitunguu?"

"Sijasema utashindwa. Nimesema ni saa tatu na robo."

Basi akaukata uwanja kwa hatua ndefu. Sanamu ya mpanda farasi, iliyozungukwa na wageni wenye kamera, hakuitupia jicho. Akalifikia duka kuu, milango ikajifungua yenyewe, naye akaishukuru. Akachagua vitunguu vitatu, vigumu, vyenye maganda makavu, akavipeleka kwa mwanamke wa malipo. Yule akaugeuza mfuko huku na huku, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kule alikotoka, ambako palikuwa na mizani imesimama peke yake.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Katika maisha yake yote Mzee Mizani hakupata kuona mnunuzi akijipimia. Anayejipimia ni mwizi, na anayemwachia hana akili. Kwa hiyo akasimama kando ya mizani, mikono nyuma, kumngojea mwenyewe. Mwenyewe hakuja. Wakaja watu na matofaa na karoti, wakaweka, wakabonyeza, wakachukua vikaratasi vyao vya bei na kwenda. Moyo wa mkaguzi ukamwambia ameingia katika mji wa wezi wasio na haya. Alipofika bwana mmoja na ndizi, shujaa akaweka kiganja juu ya sahani ya mizani na kuinua kingine kumzuia, kama askari wa lango. Dakika tisa aliilinda ngome ile, na foleni ikafika watu saba.

Akajitokeza bibi mwenye toroli. Mzee akamhutubia kwa lugha ya kwao:

"Mama, heshima yako. Lakini mtu hajipimii. Mwenye mizani yuko wapi?"

Bibi akamjibu kwa lugha yake, kwa kirefu, na kwa sauti ambayo mtu yeyote aliyewahi kuoa angeielewa bila mkalimani. Kisha akaviweka vitunguu juu ya sahani, akaushika mkono wa shujaa, akakibonyeza kidole chake penye picha ya kitunguu. Kikaratasi kikatoka, akakibandika kwenye mfuko wa vitunguu kwa kofi.

Shujaa hakuondoka. Alichomoa kotini jiwe lake la shaba la nusu kilo, zawadi ya kustaafu, akaliweka juu ya mizani. Ikasoma gramu mia tano, hakuna pungufu wala ziada. Akavua kofia. Mizani ya haki, isiyo na mlinzi! Kisha akaiona saa ya ukutani, akalitwaa jiwe lake, akalipa, akatimua mbio.

"Ulikuwa wapi?" akauliza mkunga, kisu mkononi.

"Nilikuwa nalinda mizani."

"Miaka arobaini nangojea matembezi haya, na wewe umekwenda kazini."

Akakata, akakaanga, akala amesimama. Na iandikwe na kila mwenye kalamu kwamba siku ile, dakika ishirini kabla ya saa nne, vitunguu vitatu vilivyopimwa kwa haki viliingia jikoni, na njaa ya siku tatu ikavunjwa, na mnara ukapata mpandaji wake.

Mkunga alizipanda ngazi zote mia tatu na kumi na mbili. Mzee Mizani alipanda themanini, goti likakataa, akaketi kwenye benchi la mawe hadi mkewe aliposhuka na kumsimulia mto na mapaa mekundu. Bwana wa ndizi alipata ndizi zake. Bibi wa toroli alinunua viazi akaenda kwake. Mizani ingali palepale, haina mlinzi. Mzee huwaambia wajukuu kwamba kutoka kileleni mto unaonekana wote, na mkewe hamkosoi.