Dunguni na Kitabu cha Tano

Jumatatu, 8 Juni

Tumehamia bondeni. Mpunga wa Bibi Mwanawetu umeanza kuiva, na mimi, Nasma, mjukuu wake, kidato cha tatu, nimekabidhiwa kuamia ndege. Nakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti, tangu alfajiri, navuta kamba iliyofungwa makopo, narusha mawe kwa kombeo, napiga kelele. Mpunga huu ndio chakula cha Bibi cha mwaka mzima. Kanikumbusha asubuhi, kanikumbusha tena wakati wa chai. Nimemwambia naelewa.

Naelewa kweli. Ila kuna suala la Kitabu cha Tano.

Bweni la Saba ni hadithi ya Salha, msichana wa shule ya bweni. Mama yake ni jini, baba yake ni afisa misitu. Vitabu vinne nimeshavisoma, cha tatu nimekirudia mpaka jalada limeachia. Cha nne kiliishia Salha ametumbukia kwenye tangi la maji la shule na Idrisa, kijana asiye na kivuli, kamshika mkono mmoja. Basi! Hapo hapo! Tangu Februari naishi na mkono ule mmoja.

Kitabu cha Tano ni cha Zaitun, rafiki yangu wa Kibiti, na anakitaka kirudi tarehe ishirini. Kwa sasa kiko kwa Mudrick, mtoto wa shangazi, aliyeko dungu la pili kutoka hapa. Leo alikiinua juu ili nikione vizuri. Kisha akakilalia.

Jumanne, 9 Juni

Mudrick kamaliza! Kasema atanipa kitabu kwa sharti moja. Niamie ndege shambani kwa mama yake pia, ili yeye aende Ikwiriri kwenye mpira. Nikikataa, atapanda juu ya dungu na kutangaza mwisho wa hadithi bonde zima lisikie.

Nilimwambia huo ni unyama. Akaanza kupanda ngazi. Nikakubali.

Saa nne kitabu kilikuwa mikononi mwangu. Saa nne na dakika chache ndege walikuwa kwenye mpunga wa Shangazi. Nikakimbilia kule, wakahamia kwa Bibi. Nikarudi, wakarudi kule. Nimesoma ukurasa mmoja na nusu. Mkono bado umeshikwa.

Kesho Bibi anakwenda Nyamwage kwenye sherehe ya kumtoa mwali, binti wa mpwa wake. Atarudi Jumapili. Mimi nitalala kwa Shangazi. Mazingira ya kazi yanaboreka.

Jumatano, 10 Juni

Nimetengeneza sanamu. Nguzo mbili, magunia, majani makavu, na juu yake buibui la zamani la Bibi na ule ushungi wake wenye maua ya zambarau. Nimeisimamisha katikati ya shamba. Kwa umbo ni Bibi mtupu, hata ile namna yake ya kuegemea upande wa mguu mzima. Mimi nilikusudia ifanane na Matroni Mzimu wa Bweni la Saba. Haidhuru.

Ndege waliiogopa mpaka adhuhuri. Baadaye mmoja akatua begani. Baadaye akaita wenzake.

Hata hivyo nimesoma sura tatu. Salha katoka kwenye tangi. Kivuli chake kimebaki ndani! Nilisimama juani kuhakiki changu. Kipo.

Alhamisi, 11 Juni

Balaa.

Shangazi karudi kisimani na habari. Mzee Mwinyimvua, jirani yetu, kakasirika, hatamsaidia Bibi kuvuna. Kila mwaka yeye ndiye anayekuja na wanawe na wakwe zake, wanavuna kwa Bibi siku moja, halafu sisi tunakwenda kwake. Bila wao mpunga utapukutikia shambani, na utakaobaki wataumaliza ndege.

Shangazi anasema Mzee kapita njiani jana asubuhi, kamtolea Bibi salamu. Bibi kimya. Kapita jioni, kamsalimu tena. Kimya. Leo kasimama kabisa, kavua na viatu, kasalimu kwa sauti ya kuadhinia. Bibi kamgeuzia bega lenye ndege. Mzee kasema amekaa duniani miaka mingi, ameuguza, amezika, lakini hajapata kunyimwa itikio la salamu na Mwislamu mwenzake.

Mzee Mwinyimvua ana miwani. Huivaa kwa ajili ya msahafu tu.

Shangazi anashangaa, kwani alidhani Bibi yuko Nyamwage. Nikasema labda alichelewa gari. Shangazi kaniangalia sana.

Ningeweza kwenda kwa Mzee na kumweleza kwamba alikuwa anasalimia gunia. Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Mtu mzima ataaibika, na mimi nitachapwa. Kuna njia yenye heshima zaidi.

Ijumaa, 12 Juni

Mafanikio makubwa!

Nilijificha kwenye mpunga nyuma ya sanamu, na kitabu changu ili muda usipotee. Sauti ya Bibi naijua. Unaikwaruza kidogo, unavuta mwisho, unaguna kabla ya kujibu. Mzee alipita akitoka sala ya Ijumaa. Akasalimu kwa mbali, kwa sauti ya mtu anayejaribu mara ya mwisho. Nikaitikia salamu yote, mpaka rehema na baraka zake.

Alifurahi mno. Akauliza hali ya mguu. Nikaguna, nikasema tunamshukuru Mungu. Akauliza habari za mavuno. Nikasema tunawategemea nyie. Akasema Jumatatu watakuja, inshallah. Kazi imekwisha, nikarudi kwenye sura ya tisa, ambapo Idrisa anamwambia Salha yaliyo moyoni. Mzee akaendelea kusema. Alisema kwa muda mrefu na kwa sauti ya chini. Nilisikia mwisho tu, akitaka kujua jibu langu ni lipi.

Nikaguna. Nikasema, "Sina neno."

Mzee akavua kofia, akaivaa, akaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Sura ya tisa ni sura bora kuliko zote zilizopata kuandikwa.

Jumapili, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Bibi karudi saa nne, miguu imevimba kwa ngoma, kafurahi. Kaiona sanamu kutoka njiani. Kaniuliza yule nani kavaa nguo zake. Kabla sijapata maneno, akatokea Mzee Sadala, rafiki yake Mzee Mwinyimvua, kanzu nyeupe imeshikiwa juu isiguse tope, jogoo kwapani.

Tulimtandikia mkeka chini ya dungu. Akaanza mbali, na mvua, na mto, na marehemu Babu alivyokuwa mtu mwema. Kisha akasema kaja kama mshenga. Mwenye shida alileta maneno yake mwenyewe, kajibiwa kwa mdomo wa mhusika mwenyewe, na sasa kamtuma yeye kuja kushukuru na kupanga siku.

Bibi akauliza kajibiwa lini.

Ijumaa baada ya sala.

Ijumaa baada ya sala Bibi alikuwa Nyamwage, anacheza mbele ya ukumbi mzima. Akanitazama. Mimi nilitazama mawingu. Hayakuwepo.

Hakupandisha sauti. Alijifunga kanga vizuri, akainuka. "Mzee Sadala, mwenzio hakukosea. Aliyekubali yupo. Twende nikakuoneshe bi harusi."

Tukaenda mstari mmoja kwenye tuta, jogoo naye. Mzee Sadala aliikaribia sanamu, akaizunguka, akagusa ushungi. Ndege kwenye kichwa hakuruka. Mzee akakaa chini topeni na kanzu yake, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akaacha ghafla na kuuliza sasa atamwambia nini mwenzake, ambaye tangu juzi anapaka nyumba chokaa.

Mpaka magharibi Bibi hakusema nami. Alipomaliza kuswali akageuka kwenye msala.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "unapomuozesha mtu, huwa anaulizwa."

Nimemwomba radhi. Kwa kweli kabisa, si kwa mpango. Mpunga umeinama na hakuna mtu atakayekuja kesho.

Jumatatu, 15 Juni

Wamekuja!

Jua halijatoka tukasikia watu njiani. Mzee Mwinyimvua mbele, miwani usoni, nyuma yake wanawe, wakwe zake na visu vya kuvunia. Hakuja dunguni. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya sanamu, akasimama, akatoa salamu. Akangoja. Watu wote wakangoja. Bibi alikuwa juu, akanigusa kwa mguu.

Nikaitikia. Kwa sauti yangu, ile ndogo ya aibu.

"Mchumba wangu leo kapungua umri," Mzee akasema.

Bonde zima lilicheka. Akasema yeye kaja kusaidia ukweni, na mwanamume haachi mpunga wa ukweni uliwe na ndege kwa sababu tu mchumba ana miguu ya mti. Wakaingia kazini. Siku nzima jina langu lilikuwa Mama Mkwe. Mama Mkwe leta maji. Mama Mkwe, mwanao mbona haongei. Nililibeba. Nililistahili.

Kasoro moja. Shangazi kaona jinsi ndege walivyomfanyia shamba lake, akamuuliza Mudrick alikuwa wapi wiki nzima. Mudrick kaja na matusi ya mama yake bado masikioni, akapanda juu ya dungu, akatangaza kwamba Idrisa ndiye kivuli cha Salha! Ndicho kilichobaki kwenye tangi! Na mwishoni anarudi kuwa kivuli!

Wavunaji walisimamisha visu. Mtu mmoja akauliza Idrisa wa wapi. Mimi nilikaa kwenye mabua.

Jioni mpunga wote ulikuwa umelala kwenye mikeka. Bibi alipika, na sahani ya kwanza akampelekea Mzee Mwinyimvua. Alinieleza, bila kuulizwa, kwamba ni kwa sababu ya ugeni tu. Mzee anakaa hatua chache kutoka hapa.

Jumatano, 17 Juni

Nimemaliza Kitabu cha Tano. Nilijua mwisho, na bado nililia mpaka Bibi akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, kuna mtu karudi kuwa kivuli. Akasema huyo jini hana malezi.

Tulikuwa tunapepeta. Bibi alipepeta, akatulia, akapepeta tena. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, hivi Ijumaa ile Mzee alisema maneno gani hasa. Yale marefu.

Nikasema sikuyasikia. Nilikuwa sura ya tisa.

Ungo ukasimama. "Mwanamke wa umri wangu analetewa maneno marefu shambani," akasema, "na wewe upo palepale, unasoma majini."

Hakukasirika. Ndicho kilichoniuma. Aliangalia njia, akarekebisha ushungi wa maua ya zambarau, aliouvua kwenye sanamu na kuufua. Nilitamani ardhi inimeze. Maneno yalikuwa yake, nikayaacha yapotee kwenye mpunga, na Mzee aliyeyasema ana haya ya kuyarudia.

Nimelala na jambo hili mchana mzima. Linahitaji suluhisho.

Alhamisi, 18 Juni

Nimelipata!

Asubuhi nilimwambia Bibi kwamba nimekumbuka. Nikamwambia Mzee Mwinyimvua alisema hivi: tangu siku ile sina tena kivuli, wewe ndiwe uliyeondoka nacho, na popote utakaposimama nitakuwa chini ya miguu yako nikikungoja. Sura ya tisa, aya ya pili. Nimepunguza tangi tu.

Bibi akanisogelea. "Mwinyimvua kasema hivyo?"

Nikamwambia kasema, tena kwa sauti ya chini.

Akaenda kuoga. Saa tano alimtuma Shangazi kwa Mzee Sadala kwamba yule jogoo asirudishwe kwanza kwa mwenyewe.

Alasiri nikiwa nasuka mkeka, Mzee Mwinyimvua kaja mwenyewe, pembeni, huku akiangalia nyuma. Nilijua nimekwisha. Akainama. Akasema Shangazi kamfikishia maneno, na kwa haki ya Mungu yeye hakumbuki kuyasema, siku ile aliongelea zaidi paa jipya la bati. Lakini kama Mwanawetu kayapenda, basi kayasema. Kisha akakohoa na kuuliza, kwa heshima zote, Mama Mkwe, kama yapo mengine.

Nimemwambia vitabu viko vitano. Tumepatana. Kila Ijumaa nitampa aya moja ya kuhifadhi, naye atamwambia Bibi kama yake, kuanzia kesho. Zaitun nimempigia, kakubali kitabu kikae mpaka mwisho wa mwezi. Mudrick peke yake ndiye angeweza kuzitambua aya, na Mudrick kafungiwa kwenye mpunga wa mama yake.

Nimelichunguza pande zote. Sioni mahali linapoweza kuharibika.