Ngonjera ya Mtu Mmoja

Jumatano, 2 Julai 1975

Kisomo cha watu wazima. Mwalimu Justa kasema binadamu hukua kwa hatua: hutegemea, kisha huiga, halafu hubuni vyake, mwisho huaminika na wenzake. Nimejipima. Niko hatua ya tatu, maana nimetunga ngonjera ya Saba Saba kuhusu uadilifu. Ya nne nitaifikia Jumatatu, mbele ya kijiji kizima.

Tatizo, ngonjera ni ya watu wawili. Nimeifanyia mazoezi jikoni, nikihama kigoda kila ubeti. Mwadilifu alisema vizuri. Mvivu alijibu vizuri. Kisha wote wawili tukanyamaza. Ugali ulibaki. Tangu mama afariki, hubaki kila siku.

Ijumaa, 4 Julai

Mvivu nimempata: Koleta, mjane wa jirani. Sauti yake kanisani huwafunika wote. Lakini Zebedayo, mgawaji maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, hukaa naye dawati moja kisomoni. Ana baiskeli pia. Mimi nina beti.

Nilikwenda kumwomba. Akaniuliza, "Kaka Fanueli, una habari gani?" Nikasema napita tu. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimeshiba. Uongo mtupu, na harufu ya mchuzi ilinifuata hadi kwangu.

Bora nimtendee jambo kubwa kwanza, ndipo niombe. Nimeona shamba lake limekauka vibaya.

Jumapili, 6 Julai

Watu wote kanisani. Mimi ndivani. Nikafungua maji ya zamu ya Zebedayo, nikayaelekeza kwa Koleta. Nilijiona mbunifu na mwadilifu kwa mpigo mmoja.

Kumbe shamba lilikuwa kavu kwa sababu ameshang'oa maharage. Yalikuwa yameanikwa pale chini, kwenye mikeka. Waumini walipotoka waliyakuta yanaelea. Zebedayo aliniokotea jembe langu mferejini na kunikabidhi mbele za watu. Mzee Gideoni, mwenyekiti, kaamua: kesho nizoe tope la ndiva peke yangu. Kazi hiyo huwa ya msaragambo, kijiji kizima pamoja.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma nimezisikia nikiwa kwenye tope hadi magotini. Msaragambo wa mtu mmoja ni mateso. Hakuna wa kuimba naye, hakuna hata wa kumsengenya. Nililighania lile tope ngonjera yote. Nililia kidogo.

Mchana akaja Koleta na bakuli la makande. Alisema maharage yaliyolowa hayana budi kupikwa. Akaketi ukingoni mpaka nikamaliza. Akasema Ijumaa alikuwa ameshanipakulia. Akasema amenisikia nikighani, na kwamba ngonjera tungeisema pamoja kama ningemwomba tu. Na kwamba niende kula kwake siku yoyote, bila sababu. Sikujua nitazame wapi.

Jumanne, 8 Julai

Siku yoyote ndiyo siku gani? Jioni nilifika hadi mlangoni kwake. Nikasikia anacheka na wanawe. Nikageuka. Mtu haingii kwa watu eti ana upweke tu.

Ila mwenye adhabu huletewa chakula, na mletaji hukaa. Hilo nimelithibitisha. Jumapili, wakishaingia kanisani, nafungua ndiva tena. Kosa likiwa kubwa zaidi, huenda wakanipa wiki nzima.