Ombi la Gari Langu Kuandikwa Kuwa Mzigo

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kodi ya Usajili wa Magari

Ndugu Mkuu,

YAH: KUTOZWA KODI YA GARI ZIMA KWA GARI AMBALO SI ZIMA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa kuwa ni ndefu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Miezi mitatu iliyopita niliagiza gari kutoka ng'ambo, na sikudanganywa: muuzaji alisema wazi kwamba limegongwa ubavuni, akatuma na picha. Nililichukua hivyo hivyo kwa sababu mfuko wangu nao umegongwa. Shemeji yangu aliniambia rahisi ghali, nikamwambia anyamaze. Sasa anacheka, na ninyi ndio mliomchekesha.

Kijana wenu wa dirisha la tatu alifungua orodha yake ya bei, akatafuta aina ya gari na mwaka lilipotengenezwa, akaniandikia nilipe kodi ya gari lisilo na hata mkwaruzo, la sivyo halipati namba. Gari lenyewe lilikuwa nje, juu ya lori lililolileta, na kutoka kitini pake lilionekana vizuri. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu nilimwambia mara tatu. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Orodha yenu inasema gari langu lina milango minne. Nimeihesabu mara mbili, kwa mazoea ya kazi, nikapata mitatu. Wa nne ulikuja ndani ya buti, umekunjika. Ikiwa serikali ina hakika kwamba mlango huo upo, naomba nionyeshwe ulipo nikauchukue. Nitakuja na bisibisi yangu.

2. Taa ya mbele kushoto inamulika ghorofani kwa jirani. Kijana alinijibu kwamba taa ni taa.

3. Nilipozidi kumsumbua, alinieleza kwa upole kwamba kodi haiangalii ajali, maana gari nitalitengeneza na litakuwa zima. Hapo nilikwenda kukaa kwenye benchi nikafikiri. Ndugu Mkuu, nilifundisha miaka thelathini na minne, na muda wote huo nilikuwa naelekea kuwa mkuu wa shule. Hakuna mwezi niliolipwa mshahara wa mkuu wa shule kwa kuwa nilikuwa naelekea. Tukienda kwa hesabu ya kijana wenu, yai litozwe kama jogoo, na mimi nizikwe leo kwa kuwa nitakufa. Tena mlango mpya nikiuagiza nitaulipia ushuru wake. Yaani mlango mmoja nitaulipia mara mbili, na kwa sasa nimeziba kwa turubai.

4. Kwa kuwa njia ya kupunguziwa imefungwa, nimerudi kwenye maana ya kitu chenyewe. Gari ni chombo kinachokwenda. Hili lilibebwa na lori kutoka bandarini hadi kwenu, na kutoka kwenu hadi uani kwangu, bila tairi hata moja kugusa barabara. Kinachobebwa ni mzigo. Naomba liandikwe mzigo. Nikikosa mzigo nitaridhika na samani, maana ndiyo kazi linayofanya. Mke wangu alivunjika nyonga mwaka jana na hawezi tena kupanda ngazi za basi. Dada yake, ambaye ndiye aliyemlea, ni mgonjwa upande wa pili wa mji, na wanaongea kwa simu tu. Gari hili lilinunuliwa kwa ajili ya safari hiyo. Kila alasiri mke wangu hutoka na mkongojo wake, huketi kiti cha mbele, hufunga mkanda, kisha hushona vifungo vyangu humo. Mimi humtazama kutoka dirisha la jikoni, na inaniuma sana.

5. Ili kuondoa ubishi, nimeandika kwa chaki nyuma ya kitu hicho: HILI SI GARI. Majirani wawili wametia sahihi kuwa mashahidi. Niko tayari kuapa mbele ya yeyote kwamba si gari leo, halikuwa gari jana, na sitaliita gari maisha yangu yote.

Nasubiri jibu lenye hoja, si lenye muhuri peke yake. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenisogezea benchi kivulini, mama wa fotokopi, na kijana wa dirisha la tatu, ambaye sina kinyongo naye. Anaandika saba nzuri sana.

Wako katika kuhesabu vilivyopo,
Mwalimu Mstaafu wa Hisabati

Tanbihi: Mheshimiwa, hapa anaandika mke wake. Mwalimu amenipa barua niitie kwenye bahasha, naye amekwenda kutafuta gundi. Nimeisoma. Hoja zake hazina kasoro, na hapo ndipo penye shida: mkimkubalia kwamba hili si gari, litapewaje namba? Na lisipopata namba, mimi nitafikaje kwa dada? Kwa hiyo nawaomba, ni gari. Ni gari zima, lina milango minne. Tutozeni kodi yote. Hela ipo, ni ile niliyoiweka kwa ajili ya nyonga, na nyonga imeshazoea kungoja. Ila mwandikieni kwamba hoja ya mlango ina uzito, apate usingizi. Na mfanye upesi. Jana kwenye simu dada aliniuliza mimi ni nani.