Joka Kipofu na Gundi ya Mbao

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo naanza shajara. Naandika kwa penseli ya kupigia mistari mbao, kwa hiyo maneno yatakaa. Asije mtu akasema seremala hajui kuandika. Darasa la watu wazima nilimaliza nikiwa na miaka sitini na tatu, na cheti kipo ukutani. Fremu nimeichonga mwenyewe. Ni kubwa kuliko cheti, lakini hilo ni kosa la cheti.

Sababu ya kuandika: sina wa kuzungumza naye. Mke wangu, tuliyeoana miaka arobaini na mmoja iliyopita, amehama. Yupo nyumbani, kwenye kiti nilichomtengenezea, lakini amehamia kitabuni. Joka Kipofu! Viko saba, kila kimoja kinene kama tofali. Joka asiyeona analinda mlima, malkia anautaka mlima. Basi. Kwa jambo hilo mtu kaandika matofali saba.

Jana mezani nilimsimulia habari nzima ya kabati la mwalimu mkuu lililogoma kupita mlangoni. Zamani angecheka mpaka ashike mbavu. Jana kasema "mmh", kafungua ukurasa. Nimehesabu maneno aliyonipa tangu Ijumaa. Kumi na manne. Matatu kati ya hayo: sogea, unanizibia taa.

Jumamosi huenda maktaba kwenye kikundi cha wasomaji. Huko anaongea! Namsikia kupitia mlango. Kwa nini mlango? Sheria yao: asiyemaliza kitabu kinachojadiliwa anakaa nje kwenye benchi, mlango unafungwa, asije akaharibiwa utamu. Benchi hilo nimelipiga randa mimi. Rafu zote humo ndani ni kazi yangu. Nami nakaa nje kama mwavuli uliolowa.

Ndani, kiti cha karibu na mke wangu, anakaa Posta. Mzee mwenzangu, alikuwa mpeleka barua miaka thelathini. Kavisoma vyote saba, tena mara mbili. Mke wangu anasema Posta ana mawazo. Mawazo! Mtu aliyezeeka akibeba maneno ya wengine mgongoni.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siri: tangu Jumamosi nasoma kitabu cha kwanza karakanani, nyuma ya mbao. Kidole juu ya mstari, midomo inatembea. Siku tatu, kurasa nne. Kitabu kina kurasa mia sita. Viko saba. Nimepiga hesabu kwenye ubao wa meza: nitamaliza nikiwa na miaka themanini na mmoja, kama macho yatakuwa bado kichwani.

Haifai. Wanajadili cha tano Jumamosi hii.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na karatasi. Mtu halimi shamba zima ili ajue ladha ya muhindi. Mtaa mzima umesoma vitabu hivi. Nitaazima mawazo yao. Jumamosi naingia nayo, nakaa karibu na mke wangu, Posta atafute benchi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mavuno! Nimeandika yote kwenye kipande cha ubao, mbele na nyuma. Karatasi hupotea, ubao haupotei.

Kwanza kinyozi. Anasema vitabu vitatu vya mwanzo ni asali tupu, na kuanzia cha nne mwandishi alijiona mwanafalsafa, akaharibu. Joka ndiye shujaa, malkia ni mwizi aliyevaa taji. Nikauliza kama ana hakika. Alikuwa na wembe kooni mwangu. Nikakubali. Mwenye wembe shingoni mwako ana hoja nzito.

Pili mama muuza dawa. Nikamwambia maneno ya kinyozi. Akasema kinyozi anasoma kama anavyonyoa, anapita juu juu. Vitatu vya mwanzo ni vya kulalishia watoto, hadithi yenyewe inaanza cha nne. Na malkia ana haki: watu wake wanakufa kwa kiu, na joka kaikalia chemchemi kama kuku. Alisema hayo akimhesabia mgonjwa vidonge. Mgonjwa akasema yeye yuko upande wa joka. Nikaona mama muuza dawa anaanza kuhesabu upya, taratibu sana. Nikatoka.

Tatu mshonaji, yule wa kona, aliyeniagiza stuli. Yeye vita havisomi kabisa, anaviruka. Kwake habari ni mapenzi, malkia na joka wanapendana ila hawajui. Nikamuuliza inaishaje. Akaweka mkasi chini, akaanza kulia. Kitabu cha saba, ukurasa wa mwisho, malkia anamchoma joka mkuki. Na joka, asiyeona, anainamisha kichwa mwenyewe ili asimpe taabu. Leso mbili zililowa. Nikaandika: JOKA ANAKUFA. Nikapigia mstari mara mbili.

Hilo neno zito. Posta hajawahi kulitaja hata siku moja, nimesikiliza mlangoni. Labda halijui!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Sauti nzuri. Mkono mmoja mfukoni.

Mezani nikamwambia mke wangu, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba kesho naingia ndani. Akainua macho! Akauliza kama nimekisoma cha tano. Nikamwambia nimemaliza vyote. Akatia kidole kwenye ukurasa ili usipotee, akanitazama. Akasema hakujua. Akauliza ni lini. Nikasema mtu mzima hana haja ya kutangaza. Akacheka kidogo, kicheko chake cha zamani, cha puani. Akasema basi kesho tutatoka pamoja, Mzee wangu, nikupigie pasi shati la kijivu.

Maneno ishirini na sita, bila kuhesabu kicheko.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nitaandika yote, ingawa mkono hautaki.

Mlangoni mkutubi, binti mpole, kanipa shikamoo, akauliza kama babu amemaliza cha tano. Nikasema cha tano ni kifungua kinywa. Nikaingia. Ndani mke wangu kaondoa mkoba wake kwenye kiti. Kauondoa! Kiti kile kile cha Posta. Posta akasogea, akanikaribisha kwa mikono miwili. Mnafiki.

Wakaanza. Nikatoa ubao kutoka ndani ya koti. Nikasimama. Nikasoma upande wa mbele: kwamba mwandishi aliharibu kuanzia cha nne, na malkia ni mwizi. Wengine wakapiga makofi, mmoja akaguna. Vizuri. Nikaendelea. Hapo hapo chini ya maneno ya kinyozi kulikuwa na vipimo vya stuli ya mshonaji. Nikasoma na vyenyewe, sikuweza kusimama katikati: urefu sentimita arobaini, miguu minne, aikalie mtu mnene.

 Kisha bwana mmoja mwenye miwani akasema hilo ni jambo la ndani sana, kwamba joka ni kigoda cha ufalme. Mama mmoja akamwambia joka hana miguu minne, ana miwili na mbawa, asome vizuri. Wakagombana dakika kumi juu ya stuli yangu. Nikaona mke wangu ananitazama kwa fahari. Dakika kumi hizo sitazisahau.

Nikageuza ubao. Nikasoma kwamba hadithi inaanza cha nne na malkia ana haki. Mwenye miwani akauliza mbona nimegeuka. Nikamwambia nimegeuza ubao, sijageuka mimi. Watu wakaanza kucheka, na si kicheko kizuri. Posta, eti ananitetea, akasema mzee ana haki ya kuona pande zote mbili. Anitetee yeye! Damu ikanipanda. Nikasema basi niwaambie lisilosemwa na Posta kwa miezi yote hii: joka anakufa. Malkia mwenyewe anamchoma mkuki. Ukurasa wa mwisho wa cha saba.

Kijana mmoja aliziba masikio, kachelewa. Mama wa miguu miwili akasema lo, lo, lo. Posta kafumba macho. Kumbe alijua. Kumbe wote waliomaliza walijua, na walinyamaza miezi yote kwa ajili ya wenzao.

Mke wangu kainuka, kachukua mkoba, katoka. Kaenda kukaa kwenye benchi nje, peke yake. Nilipomfuata kasogea mwisho kabisa wa benchi. Ni benchi refu. Nililitengeneza refu kwa kujivuna.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Hasomi tena. Kitabu cha sita kimefungwa, miwani iko juu yake. Mimi ndiye niliyetaka aache, kaacha. Sasa anatazama ukuta.

Nimejaribu kumwambia joka hafi, nilitania. Akauliza anakufa au hafi. Nikasema inategemea na msomaji. Akaenda kulala saa kumi na mbili jioni, jua bado lipo.

Mdomo huu ungekuwa ubao ningeshaupigia msumari.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mpango! Maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini hayo ni maji. Kitabu ni mbao iliyosagwa. Na mbao naijua mimi.

Nimekwenda maktaba, nikamwambia mkutubi mgongo wa kitabu cha saba umelegea, nitaukaza bure. Alisita. Ni nakala yao ya pekee, watu kumi na wanane wako kwenye foleni. Nikamwonyesha rafu zangu ukutani. Akanipa.

Karakanani nikaondoa ukurasa wa mwisho kwa wembe nilioazima kwa kinyozi, safi kabisa. Nikaandika mwingine kwa mkono wangu, herufi zikilala kwa unyenyekevu. Nikaubandika kwa gundi ya mbao, ile inayoshika hata miguu ya kitanda. Gundi kidogo haishiki, kila fundi anajua. Nikamwaga ya kutosha. Nikakibana kitabu kwenye jiliwa, kibanio changu cha mezani, mpaka kikalia. Kesho namwekea mezani, aone mwenyewe kwamba niliongopa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimefungua jiliwa. Kitabu hakifunguki.

Gundi imeingia kila mahali. Kurasa mia sita zimekuwa ubao mmoja. Ubao mzuri, nisiseme uongo, hauna ufa hata mmoja. Nikiupiga kwa kidole unalia kama mbao ya mninga. Nimekaa nao mapajani mchana kutwa. Watu kumi na wanane.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mkutubi alikuja karakanani kukifuata kitabu. Aliponiona nimekifunika kwa msasa akajua. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alinipa shikamoo yangu kama kawaida, akasema babu nisikanyage maktaba miezi sita. Akaenda kumwita mke wangu.

Akaja. Akapima ubao mkononi. Akachukua patasi yangu, ile nzuri ambayo simwachii mtu, akaisukuma taratibu pembeni. Ukachomoka ukurasa mmoja tu. Wangu. Akasoma kwa sauti:

Joka hakufa. Mkuki ulikuwa wa mbao laini ukavunjika. Malkia akaomba radhi. Wakagawana maji. Mwisho.

Akaketi kwenye stuli ya mshonaji. Mabega yakaanza kutikisika. Nikasema moyoni nimemliza, ole wangu. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu. Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akauliza nimesoma kurasa ngapi, niseme kweli. Nikasema kumi na mbili. Akaniangalia. Nikasema nne.

Akasema basi. Yeye mwisho wake umeshaharibika, lakini mimi katika nyumba ile ndiye pekee nisiyejua mwanzo. Kuanzia kesho, baada ya chakula cha mchana, atanisomea kitabu cha kwanza, neno kwa neno. Sharti moja: ninyamaze mpaka sura iishe.

Hilo tu! Kukaa na kunyamaza. Hata meza inaweza.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Alivaa miwani. Nilikaa karibu yake. Alianza: malkia anaingia ukumbini, anaketi kwenye kiti cha enzi kilichochongwa kwa shina moja la mti. Ana sauti nzuri ya kusomea, miaka arobaini na mmoja sikuijua.

Nikamwambia shina moja haliwezekani, litapasuka kiangazi cha kwanza. Akasema nyamaza. Akasoma mlango wa ukumbi una urefu wa watu kumi. Nikamuuliza bawaba zake ni za nini. Akasema Mzee wangu, tafadhali. Akasoma mistari sita mizima. Joka akasikika mbali mlimani, analia. Mwili ukanisisimka, nakiri. Nikawahi kumwambia kinyozi anasema hapo ndipo patamu, ila mama muuza dawa hakubali.

Akavua miwani. Akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akasema hakutaka mawazo yangu, wala ya kinyozi, wala ya mtu yeyote. Alitaka tukae tu.

Sikuelewa. Si tulikuwa tumekaa?

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mke wangu kaenda kwenye kikundi. Kitabu cha kwanza kaenda nacho. Mimi nipo karakanani, mlango wazi, kama atapita.

Kinyozi kaja mbio, hata aproni hajavua. Mwandishi kaandika cha nane! Hakuna aliyekitegemea. Kitafika duka la vitabu Jumatano, na mwenye duka ni mteja wangu, kaunta yake mimi nimeitengeneza. Nimeshamwomba anisomee ukurasa wa mwisho kabla hajaviweka rafuni. Mke wangu atanisikiliza sasa. Ni lazima nimwambie mimi, mapema, kabla mjinga fulani hajamharibia.