Baiskeli ya Kwenda kwa Mkwe

Jumamosi, tarehe 2 Mfungo Saba, mwaka 1316 (Wazungu wanahesabu Agosti 1898)

Siku ya kumi na mbili bila mke wangu Riziki. Nimekula muhogo mbichi upande mmoja na ulioungua upande wa pili. Nimeupika mwenyewe.

Asubuhi Musafiri, mpiga kasia, ameniletea maneno ya mama mkwe wangu Mwavita kutoka ng'ambo, Alunguli. Maneno matatu. Nije mwenyewe. Nije na kisutu kipya badala ya kile cha harusi nilichokikata. Nije kabla jua la Ijumaa halijatua, la sivyo binti yake atakwenda kwa kadhi kudai talaka.

Nilichokikata! Utadhani nilikata kwa ubaya. Nilishona mwavuli mkubwa wa kuwafunika wateja wanne barazani kwangu. Ulisimama siku nzima, watu wakausifu. Kesho yake upepo ukauchukua. Mwavuli ukichukuliwa na upepo, kosa ni la upepo.

Na kisutu kipya ninacho. Kimekuja na msafara wa Kasongo, nimekipata kwa kanzu mbili za kudarizi, kimo sandukuni kimekunjwa. Kilichobaki ni kuvuka mto tu.

Lakini niingieje uani kwa mkwe kama mkosaji, vumbi miguuni na kifurushi kwapani? Mimi Sumaili, fundi wa kanzu ambaye Kindu nzima inavaa kazi ya mkono wake? (Isipokuwa wanaovaa kazi ya Asumani, yule mrefu wa baraza la pili. Hao siwahesabu.) Tangu ipande ile bendera ya Wazungu yenye nyota, waungwana tumepungukiwa na mengi. Heshima yangu sitaitupa Alunguli.

Nitafikiri njia.

Jumapili, tarehe 3

Njia imekuja yenyewe, kwa mtumbwi.

Mzungu mmoja mchuuzi, Bwana Gérard, ameshuka bandarini na masanduku matatu marefu. Wapagazi wameyabeba mabegani kupita maporomoko yote. Ndani mna baiskeli! Amezisimamisha tatu juu ya mikeka, na atazionyesha mpaka Jumapili ijayo. Watu watazame, waguse, wapande wajaribu. Mwenye kutaka atatoa kipimo chake, naye ataagiziwa yake mwenyewe kutoka Ulaya, inayomkaa, ije mwakani. Musafiri ndiye mkalimani. Kifaransa chake alikiokota kwenye stima na kina matobo.

Nimesimama pale mpaka adhuhuri. Nikaona mambo yote. Naingia Alunguli juu ya magurudumu. Watu wamejipanga njiani. Mwavita anatandika mkeka kabla sijaomba. Nani atamnyima mke mtu aliyepanda kitu kama kile?

Asumani naye alikuwapo. Katika maajabu yote yale aliuliza swali moja tu, namna ya kukisimamisha kitu kile kikiwa mbioni. Swali la mwoga. Sikusikiliza jibu, nilikuwa naangalia kengele.

Mwakani ni mbali, lakini. Mimi nina mpaka Ijumaa.

Jumatatu, tarehe 4

Pua ya Bwana Gérard imeiva kwa jua, inabambuka. Nikamwambia kupitia Musafiri kwamba onyesho lisilo na turubai ni aibu, nami ninaweza kumshonea turubai leo hii. Sitaki malipo. Nataka baiskeli moja kwa siku moja, Alhamisi, nitakayoichagua mwenyewe. Amekubali upesi. Wazungu hawajui kupatana.

Nimeshona mpaka vidole vimekufa ganzi. Alasiri nikaenda kuchagua.

Ya kwanza ni ndefu, nyeusi, ina kengele. Nilipopandishwa, miguu yangu ilikuwa mbali na vikanyagio kama niko juu ya paa. Tandiko limeshikana kwa kutu ya safarini, halishuki. Ya pili inanizidi kidogo, nayo haina kengele. Ya tatu ni ya chini, na chuma chake cha katikati kimeinama, hivyo kanzu inapita bila kukunjwa. Nikakaa. Visigino vikafika. Mikono ikafika. Ilinikaa kama kanzu niliyojipima mwenyewe.

Hapo Musafiri akafungua mdomo wake. "Baba Sumaili, ile njo ya wanamuke."

Bandari nzima ilisikia. Nikashuka nikijifanya nilikuwa naikagua mishono.

Asumani alinivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, twaa hii ya chini. Inakutosha sawasawa. Muntu akicheka, atachoka."

Nikajua ni hila. Kwa hiyo nimechagua ndefu, na tena kwa sababu ya kifundi. Nguo kubwa hupunguzwa, nguo ndogo haiongezwi. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua hivyo.

Jumanne, tarehe 5

Bwana Gérard ameniruhusu kujizoeza asubuhi, yeye akitazama. Nimepandia juu ya sanduku. Nimeanguka mara sita, na mara moja nimeanguka kabla ya kuondoka.

Vikanyagio vya kitu hiki havipumziki. Gurudumu likienda navyo vinakwenda, utake usitake. Miguu yangu ikivikosa vinanipiga miundi. Nimefunga vipande vya mti chini ya viatu, na sasa navifikia karibu kila mara. Nimejua kukata kushoto. Kulia bado.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Ile ndefu ina chuma cha katikati, na kanzu haipiti juu yake. Lazima uipandishe mpaka kiunoni. Miguu inabaki wazi. Mbele ya mkwe! Mwanamume akionyesha mapaja kwa mama mkwe, hata visutu kumi havitamwokoa. Musafiri anavaa kikoi kifupi, yeye hana mkwe.

Inatakiwa suruali. Pana, ya heshima, ya kuonekana. Vitambaa vyangu vyote vimekwenda kwenye turubai la Mzungu.

Jumatano, tarehe 6

Nimetafuta kitambaa Kindu nzima. Hakuna. Nimekwenda hata kwa Asumani, nikameza aibu. Mkewe Albertine kasema mumewe amevuka ng'ambo tangu asubuhi na kuku wawili. Sijui anatafuta nini huko. Labda anajaribu kunipokonya wateja wa Alunguli.

Nimerudi nimekaa mbele ya sanduku. Nimelifungua ili kuangalia tu.

Kisutu ni nguo pana. Pindo mbili, katikati kubwa, nyekundu na nyeusi na nyeupe. Nimefikiri hivi. Kisutu lazima kifike Alunguli. Mimi lazima nifike Alunguli. Kisutu kikiwa suruali, tutafika pamoja na mikono yangu itakuwa huru kushika usukani. Nikishafika nitaingia nyuma ya nyumba, nitafumua mishono mikubwa niliyopitisha kwa makusudi, nitakikunja na kukitoa. Hakuna atakayejua. Nimekata kwa kufuata maua, kwa hiyo karibu hakikukatwa.

Mkasi ulipoingia nilifumba jicho moja. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, tarehe 7

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Musafiri ametuvusha, mimi na baiskeli. Nimeisukuma kupanda ukingo. Nimepandia juu ya kinu cha jirani, Musafiri akanisukuma. Njia inashuka taratibu mpaka uani kwa Mwavita. Nilisahau kwamba inashuka.

Niliingia kwa mbio ambazo sikuziazimia. Watu walikuwapo, kama nilivyoona katika fikra zangu, ila walikuwa wanakimbia. Vikanyagio vilinitoka. Kengele niliipiga bila kukusudia. Mwavita alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga. Adabu ni adabu, nikamwamkia shikamoo mama. Akaitika marahaba, na mimi nikampita.

Nilikata kushoto. Nikaizunguka nyumba. Nikatokea tena mbele yake. Nikaona si vizuri kumpita mkwe kimya, nikaamkia mara ya pili. Hakuitika. Mara ya tatu alikuwa amesimama na mkeka wake mkononi, akamwuliza Musafiri, aliyenifuata mbio, "Huyu muntu iko anazunguka nini?" Musafiri akamjibu kwamba kulia bado hajui. Hapo ndipo nililikumbuka lile swali la Asumani, na kwamba jibu lake sikulisikia.

Mara ya nne nilisimama, kwa msaada wa uchaga wa unga wa muhogo.

Nikainuka mweupe kutoka kofia mpaka kiunoni. Kanzu ilikuwa imenasa kwenye mnyororo na kupasuka mpaka kwapani. Chini ya kiuno nilikuwa mwekundu na mweusi na mweupe. Unga haukufika huko. Ua mzima ulitazama mahali pamoja.

Mwavita akauliza polepole, "Sumaili, kisutu ya mutoto wangu iko wapi?"

Nilikuwa na maneno tayari tangu Jumapili, yote mazuri. Nikaitazama miguu yangu, naye akaitazama.

Basi Riziki akatoka ndani. Siku kumi na saba sijamwona. Amekonda kidogo, au ni mimi nimezoea kumwona katika fikra. Akanitazama juu, akanitazama chini. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini katika unga, machozi yanamtoka. Mama yake hakucheka. Aliniamuru niende nyuma ya nyumba, niivue, nimkabidhi.

Nimevuka mto nikiwa na kanzu iliyopasuka tu, nimekaa juu ya miguu yangu. Musafiri alipiga kasia akiangalia mbinguni. Gurudumu la mbele limekuwa na umbo la yai. Bwana Gérard aliposema neno, nilimwambia nilidhani limeundwa hivyo. Nitamshonea mashati matatu.

Nimempoteza mke wangu kwa mara ya pili kwa mkasi uleule. Muhogo sikupika.

Ijumaa, tarehe 8

Nimeswali. Nimerudi. Nimekaa barazani nikitazama jua. Kuvuka tena sikuthubutu. Na ningevuka na nini?

Alasiri mtumbwi wa Musafiri umefika. Ametoka Asumani, amebeba kifurushi kichwani. Nyuma yake Riziki.

Nilifurahi mno. Hapa naweza kuandika wazi kwa kuwa hakuna asomaye.

Riziki kasema mama yake ameketi na kupima. Aliniambia nije mwenyewe, nikaja. Nilete kisutu, nikakileta, ingawa kwa namna ambayo Alunguli haitaisahau. Kabla ya Ijumaa, nayo ilikuwa Alhamisi. Mwavita ni mtu wa neno lake, hata likimuuma. Kisha kasema kilichomlainisha hasa ni Asumani, aliyekwenda Jumatano na kuku wawili, akapiga magoti mkekani na kuniombea radhi kama ndugu wa tumbo moja.

Nimeudhika sana. Nani alimtuma? Mambo yangu yalikuwa yanakwenda vizuri.

Suruali Riziki ameifumua mwenyewe na kuiunga tena iwe kisutu. Mishono inaonekana kila mahali. Ameivaa hivyohivyo njia nzima, kisha ameikunja sandukuni, amefunga, na ufunguo ameutundika shingoni. Kasema mkasi wangu ukigusa nguo ile tena, safari hii hatakwenda Alunguli, atakwenda moja kwa moja kwa kadhi, na Asumani akaombe radhi mpaka magoti yatoke malengelenge. Nimeapa. Kwa jina la Mungu, mbele ya watu.

Amepika. Muhogo umeiva pande zote.

Jumapili, tarehe 10

Siku ya mwisho ya onyesho. Nimefikiri kwa utulivu na nimeona kosa lilipokuwa. Halikuwa katika shauri. Lilikuwa katika kipimo. Baiskeli ile haikupimwa kwa ajili yangu, ndiyo maana haikunitii.

Kwa hiyo nimeagiza yangu.

Bwana Gérard aliuliza urefu wa mguu kwa ndani, huo tu. Asumani, aliyeagiza kabla yangu, ametoa huo tu. Masikini, mwakani atapokea baiskeli ya nusu mtu! Fundi gani hupima mguu na kuacha mwili? Mimi nimejipima sawasawa, kutoka bega mpaka kifundo cha mguu, nikaongeza vidole vinne vya upindo. Mzungu alikitazama kipimo muda mrefu. Musafiri akamfasiria jambo fulani, naye akaandika.

Limebaki jambo moja dogo. Tandiko la kitu kile ni gumu, na mimi tangu Alhamisi nakaa upande mmoja. Yangu ikija lazima iwe na mto wa kukalia. Uwe wa pamba, laini, na uvalishwe kitambaa imara chenye rangi za heshima, watu wakiona wajue ni ya nani. Ni vizuri kujitayarisha mapema.

Riziki ameshuka mtoni kuoga. Ufunguo ameuvua, ameuacha juu ya mkeka.

Shibiri mbili tu. Pembeni kabisa. Na mishono ni mingi mno pale, hata yeye mwenyewe hatajua.