Mtaa wa Waswahili, Champlin

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki imepita tangu Idi. Vileja, biskuti zetu za Idi, bado vimo kwenye kopo. Hakuna jirani hata mmoja aliyebisha mlango. Mke wangu Mwanasiti amevihesabu: arobaini na viwili. Leo asubuhi akanambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Jumapili anapanda basi kwenda kwa dada yake Columbus, na hajui kama atarudi. Huko kuna mtaa mzima wa Waswahili. Hapa Champlin tulipohamia kuna nyasi.

Nimekwenda kazini moyo mzito. Mimi ni fundi wa hoteli, Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Mpishi wetu, mzee Parodi, ni Muajentina. Nikamweleza. Akasema wazee wake walitoka Genoa, Italia, wakafika Buenos Aires mikono mitupu. Waitalia wakajazana bandarini, mahali panapoitwa La Boca, wakajenga nyumba za mabati na kuzipaka rangi zilizobaki melini. Buluu, manjano, nyekundu, yoyote iliyopatikana. Leo watalii wanakwenda kupiga picha.

Kumbe mtaa unatengenezwa! Nina siku sita. Nimerudi nyumbani nikachora ramani. Mwanasiti alikuwa ameweka vikombe viwili vya chai mezani. Changu nimekikuta kimepoa.

Jumanne, 8 Aprili

Meli sina. Hoteli ninayo. Stoo kulikuwa na debe la manjano ya kuchorea mistari ya maegesho, meneja akaniambia nilichukue, linamzibia njia. Nimepaka mlango, fremu na ngazi zote za mbele.

Mchana ilipendeza. Jioni nikagundua kwamba rangi ile hung'aa ikipigwa na taa za gari. Dereva wa vifurushi ameegesha juu ya nyasi zetu, amenyooka kabisa, mbele ya ngazi. Akanishukuru kwa kuweka alama.

Mwanasiti aliuliza kama nitakaa kidogo tunywe chai. Nikamwambia La Boca haikujengwa kwa kukaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Parodi anasema Waitalia walikuwa na vyama vya kusaidiana, na bendi. Bendi itasubiri. Nimemwendea Sosthène, Mkongo wa Uvira anayekaa mtaa wa nyuma, kiongozi wa kwaya. Tangu mwaka jana hatuongei, kisa nilimwambia kwaya yake inaimba kwa pua. Lakini shida haichagui.

Amekuja na wenzake watatu na viti vyake mwenyewe. Saa mbili nzima tumebishana jina. Mimi, Mtaa wa Waswahili. Yeye, Quartier Uvira. Akasema, mon frère, ndugu yangu, chama bila président ni réunion ya bure, kikao tu. Tukapiga kura. Wagombea watano, kila mmoja kura moja, yake. Tumekubaliana kuwa na wenyeviti watano. Wanachama, hakuna. Sosthène amekuwa mwenyekiti wa wenyeviti kwa sababu viti ni vyake. Amekula vileja kumi na kimoja.

Mwanasiti alichungulia akauliza kama kuna pahali pa yeye kukaa. Nikamweleza kwa upole kwamba ni kikao cha uongozi. Akarudi jikoni na vikombe vyake viwili.

Ijumaa, 11 Aprili

Barua ya chama cha wenye nyumba wa hapa, wanaotupangia hata rangi za milango. Mlango urudi kuwa kijivu kabla ya mwisho wa mwezi. Wameambatanisha vijivu vitatu vinavyoruhusiwa. Nimevitazama sana. Ni kijivu kimoja.

Sijawahi kujiona mdogo hivi. Mwanasiti ameanza kukunja nguo.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumaini la mwisho: baraza. Kwetu pwani, mtaa wa Kibokoni, watu hukaa nje jioni, na La Boca vilevile, Parodi ameniapia. Nimepigilia mbao za makreti mbele ya mlango, nikatandika mkeka. Theluji ikaanza. Aprili! Nimekaa kuanzia alasiri, namsalimu kila apitaye. Mmoja alinipungia mkono. Alikuwa anamwita mbwa wake.

Mwanasiti akatoka na koti langu na vikombe viwili, akataka kukaa. Nikamwomba asubiri kwanza, nafasi ni ya majirani, wakiona pamejaa watapita. Akasimama kidogo kwenye theluji. Kisha akaingia ndani.

Hakuja mtu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimempeleka kituo cha basi. Njia nzima nikimweleza mpango wa rangi ya buluu. Mlangoni mwa basi akanambia hakutaka mtaa. Mtaa alikuwa nao, Kibokoni, akauacha akanifuata mimi. Alichotaka ni mtu mmoja wa kunywa naye chai jioni, anayejua Kiswahili, anayezijua habari zake. Akapanda. Hakugeuka.

Nimelia ndani ya gari, sioni haya kuandika. Nyumbani nimekuta chupa imejaa chai, na vikombe viwili, kimoja kimefunikwa kwa kisahani.

Nimekaa nikayafikiria maneno yake mpaka giza likaingia. Mtu mmoja. Wiki nzima nahangaika na debe la rangi na wenyeviti watano, kumbe ni mtu mmoja tu! Kesho mapema nakwenda kwa Sosthène, nimwombe mkewe, Emérance, awe anakuja kila jioni kunywa chai na Mwanasiti akisharudi. Kiswahili anakijua. Habari za Mwanasiti nitamwandikia kwenye karatasi, azisome.